Barua kwa Wazazi na Walezi: Kufunga Muhula wa Kwanza, na Vitabu vya Hadithi vya Kusomwa Likizoni

Ndugu Mzazi au Mlezi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Muhula umekwisha salama. Alama za mitihani na tarehe ya kufungua shule zimo katika ripoti ya kila mwanafunzi, nayo irudi ikiwa na sahihi ya mzazi mwenyewe, si ya kaka aliyeko Darasa la Saba.

Ninalotaka kulieleza kwa kirefu ni lile lililotokea chini ya mwembe wetu Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa tano, ambalo wazazi wachache mlilishuhudia na wengi mlilikosa. Wanafunzi wa Darasa la Tatu waliigiza kile kisa cha sufuria katika Hekaya za Abunuwasi. Aliyekuwa Abunuwasi alikuwa ameazima sufuria ya kweli, ile ya uji, na alipomtangazia jirani yake kwa uso wa msiba kwamba sufuria imefariki, mpishi wetu alitoka jikoni na mwiko mkononi akaidai mbele ya hadhara. Hatukuwa tumempangia nafasi katika mchezo huo, lakini sijaona mwigizaji aliyemshinda.

Wakafuata Darasa la Sita, ambao muhula mzima walikuwa wakisoma kwa sauti, kila Ijumaa, kitabu cha Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, mtoto wa Tanga hii hii, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909. Wao hawakuigiza, walikaa wakabishana. Mmoja aliuliza: ikiwa Adili anawachapa wale manyani wawili, ambao ni nduguze waliogeuzwa na jini, kila usiku, kisha anawalisha na kuwalilia, je, anawapenda au anawachukia? Akajibiwa na msichana ambaye tangu Januari hajapata kuwaambia walimu wake zaidi ya "ndiyo" na "hapana". Alisema kwamba Adili ameamriwa na jini, na hana budi kutii. Kisha naye akauliza kama mtu anayetenda jambo baya kwa kuamriwa anabaki na kosa au kosa ni la aliyemwamuru. Kengele ya kwenda nyumbani ililia na hakuna aliyeinuka. Nimefundisha kwa miaka 26, na kwa kawaida maswali ya namna hiyo huyauliza mimi, nikajijibu mwenyewe.

Sasa nieleze kwa nini barua hii haikuishia hapo. Wiki mbili baada ya siku hiyo, mwalimu wa zamu alinunua karanga nje ya lango, akafungua karatasi iliyozifunga, akakuta ndani yake muhuri wa shule yetu. Zilikuwa kurasa za Adili na Nduguze, moja ya nakala mbili tu tulizokuwa nazo. Muuza karanga hana kosa. Aliuziwa karatasi kwa kilo, magazeti na kitabu pamoja, na akatuonyesha ziliponunuliwa. Mzazi husika nilimwita ofisini kwa heshima. Jibu lake lilikuwa kwamba hakujua kama kina maana, maana hakikuwa kitabu cha masomo, ni hadithi tu.

Ndugu zangu, neno hilo "hadithi tu" limenikosesha usingizi kuliko kitabu chenyewe. Ningekuwa nimelisikia kwa mtu mmoja ningelimeza, lakini nalisikia kila mwezi: kwa mzazi anayemnyang'anya mtoto kitabu cha hadithi ili "asome", kwa yule anayeniandikia kwamba mwanawe anapoteza muda, na kwa wale watatu waliolalamika kuwa Adili na Nduguze kina majini. Watatu hao niliwauliza, na hakuna aliyekuwa amekisoma. Majini wamo, na vilevile wamo ndugu wawili waliomtosa mwenzao baharini kwa wivu, jambo ambalo kwa maoni yangu linahitaji kuzungumzwa na watoto kuliko majini. Mtoto anayeshindwa swali la ufahamu katika mtihani wa Kiswahili mara nyingi hashindwi na swali. Anashindwa na habari yenyewe, kwa sababu hajawahi kuanza habari ndefu akaifikisha mwisho.

Basi likizo hii kila mwanafunzi kuanzia Darasa la Tatu amepewa kitabu kimoja cha hadithi, na ninawaomba mjue ni kipi. Wadogo wamepewa Abunuwasi pamoja na vile vitabu vyembamba vyenye picha vilivyotokana na Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991; hivi visomwe kwa sauti, usiku, mtoto akikusomea wewe na si wewe ukimsomea yeye. Darasa la Tano wana Marimba ya Majaliwa cha Edwin Semzaba, ambamo kijana anaizunguka nchi nzima kutafuta marimba yake iliyoibiwa. Kama kuna ramani ya Tanzania nyumbani, ibandikeni ukutani, kwa kuwa mtaihitaji. Darasa la Sita peke yao hawana kila mmoja chake, bali wanamalizia Adili kwa zamu. Lugha yake ni nzito, nakiri, lakini nyumba nyingi zina bibi anayeyajua maneno hayo kuliko mwalimu, hata kama hajui kusoma, na hakuna aibu mtoto kumuuliza.

Darasa la Saba nimewaachia wachague. Wapenda upelelezi wamekwenda na Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, na tayari wapo wanaotembea kama mpelelezi wake, Bwana Msa, wakishika penseli kana kwamba ni kiko. Wengine wamechukua Siku Njema cha Ken Walibora, kisa cha kijana anayetoka Tanga kwenda kumtafuta baba yake Kenya. Waliochukua Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo ningependa wasome pamoja na mtu mzima, kwani mna dawa za kulevya na mna kifo. Mna pia watoto wanaofukuzwa shule kwa kukosa ada na sare, na tayari mwanafunzi mmoja ameniuliza kama nami ni mwalimu wa aina hiyo. Nilimjibu kuwa sijamfukuza mtu kwa mchango wa uji wala sitamfukuza, lakini mchango wenyewe ulipwe, maana mahindi hatupewi bure.

Kuhusu utoro wa siku za gulio, majina yako kwa mwenyekiti wa kamati ya shule, na wahusika mtaitwa.

Narudi kwenye vitabu. Hadi ninapoandika barua hii, nakala 19 zilizoazimwa tangu mwaka jana hazijarudi. Sitaki kuambiwa kwamba kitabu kimefariki. Abunuwasi alilisema hilo kabla yenu, na watoto wa Darasa la Tatu wanajua jinsi ya kulijibu. Kilichopotea kilipwe kwa kitabu cha hadithi kingine, kipya au kilichokwisha kutumika. Fedha sitapokea, kwa sababu fedha ikifika ofisini huitwa na chaki, na kufuli, na tundu la choo, na kitabu hakinunuliwi. Mzazi wa zile kurasa za karanga ameshaleta nakala mpya, iliyofungwa vizuri kwa jalada la plastiki, na kwa hilo namshukuru.

Wakati wa likizo nitakuwa shuleni kila Jumatano kuanzia saa 3 hadi saa 6 mchana. Aliyemaliza chake aje abadilishe, na ajiandae kunisimulia alichosoma kabla sijamkabidhi kingine.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu

Nakala: Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, Ubao wa matangazo