Kwa Rehema: kabla hujaanza nadharia ya sampuli kubwa

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Umeuliza kama kukariri theoremu kutakutosha kwenye somo la sampuli kubwa, yaani tabia ya vikadirio (makisio yanayotokana na data) pale n, idadi ya data, inapokua. Hakutatosha. Theoremu zenyewe si nyingi. Kazi iko kwenye masharti, na sharti hulielewi mpaka uone kinachoharibika likiondolewa. Kwa hiyo katika daftari lako, ukurasa wa kushoto andika theoremu, wa kulia mfano unaoivunja.

Anza na aina za mkaribio. Chukua Xₙ yenye thamani n kwa uwezekano wa 1/n, na 0 vinginevyo. Inakaribia 0 kwa uwezekano (nafasi ya kuwa mbali na 0 hupungua hadi 0), lakini wastani wake wa kinadharia ni 1 kwa kila n. Weka n² badala ya n, wastani huo unakua bila mwisho. Mfano huu mdogo utakuzuia kuandika "mgawanyo umefika kwenye kikomo, basi na varianzi (kipimo cha mtawanyiko) imefika". Ili usemi huo uwe kweli, mikia (mchango wa thamani kubwa mno) lazima iwe midogo kwa n zote kwa pamoja, na hilo huthibitishwa kivyake.

Theoremu ya Slutsky, inayoruhusu kujumlisha vikomo vya mifululizo miwili, wengi huipitia mbio. Inadai mmoja kati ya mifululizo miwili uende kwenye namba isiyobadilika. Kama Z ni normali sanifu, Xₙ = Z na Yₙ = −Z, kila mmoja una mgawanyo uleule, ila jumla yao ni 0 daima, si normali yenye varianzi 2. Mbinu ya delta, inayotafuta kikomo cha funksheni ya kikadirio kwa derivativu yake, nayo ina mtego wake: derivativu ikiwa 0, kipimo cha √n hakifai tena. Wastani halisi ukiwa 0, mraba wa wastani wa sampuli huzidishwa kwa n, na kikomo ni σ² (varianzi ya data) mara khi-mraba ya digrii moja ya uhuru, yaani mgawanyo wa mraba wa normali sanifu.

Sasa njoo kwenye uthibitisho utakaourudia hadi utakapomaliza tasnifu: unormali wa vikadirio vinavyopatikana kwa kutatua mlinganyo. Kwanza onyesha kwamba kikadirio kinakaribia θ₀, thamani halisi ya kigezo. Usiruke hatua hii, kwa sababu upanuzi wa Taylor unaofuata ni wa eneo dogo linalozunguka θ₀, na ukiwa nje yake hauna maana. Kisha panua mlinganyo kuizunguka θ₀, zidisha kwa √n, utabaki na sehemu mbili. Ya kwanza ni jumla ya vigeu nasibu vyenye wastani 0, na theoremu ya kikomo cha kati inaishughulikia ilimradi varianzi ina ukomo. Ya pili ni wastani wa derivativu, na hapa ndipo wengi huteleza. Derivativu hizo hazipimwi kwenye θ₀ bali kwenye nukta iliyo kati ya θ₀ na kikadirio, na nukta hiyo yenyewe inatokana na data. Sheria ya kawaida ya namba kubwa inahusu nukta iliyowekwa kabla, haikusaidii. Unahitaji ile inayoshika kwa nukta zote za eneo hilo kwa mara moja, na njia nyepesi ya kuipata ni kutafuta funksheni moja yenye wastani wa ukomo inayozifunika derivativu zote kutoka juu. Tena, kigezo kikiwa vekta, hakuna nukta moja ya kati inayotosha mlinganyo mzima. Kila mstari wa matrisi una nukta yake. Mwisho hakikisha matrisi ya kikomo ina kinyume.

Halafu uone pale ambapo utaratibu huo wote haufanyi kazi. Kwa mgawanyo sare kati ya 0 na θ, kikadirio ni thamani kubwa kabisa ya sampuli. Pengo lake na θ hupimwa kwa n, si √n, na kikomo ni eksponenti yenye wastani θ. Hata kuchota upya sampuli kutoka kwenye data yenyewe (bootstrap) hakukuokoi: kila mchoto una uwezekano unaokaribia 0.632 wa kurudisha thamani kubwa ileile, ilhali mgawanyo wa kweli haurundiki hivyo popote.

Kikadirio cha Hodges kipe jioni nzima. Data ni normali, wastani θ, varianzi 1. Tumia wastani wa sampuli, ila ukiwa karibu na 0 kuliko n⁻¹ᐟ⁴, jibu 0. Ukiishika θ moja moja, kikomo ni kilekile cha wastani wa sampuli, isipokuwa kwenye θ = 0 ambapo varianzi inakuwa 0. Kama faida ya bure vile! Sasa weka n = 10,000: kizingiti ni 0.1, kosa sanifu (mtawanyiko wa wastani wa sampuli) 0.01. Kama θ ni 0.05, wastani uko makosa sanifu matano chini ya kizingiti, kwa hiyo jibu ni 0 karibu kila mara. Mraba wa kosa ukizidishwa kwa n ni 25; wastani wa kawaida unatoa 1. Ukiongeza n, mahali pabaya panasogea kuelekea 0 huku hasara ikipanda. Ukishaumaliza mfano huu kwa mkono, hutashangaa kwa nini mwanatakwimu Le Cam anasoma vikadirio kwenye θ₀ + h/√n, yaani nukta zinazoisogelea θ₀ kadiri n inavyokua. Kabla ya hapo, sura zake zitaonekana kama ishara tupu.

Jaribu kila kikomo kwenye kompyuta. Tumia n za 50, 200 na 800, maana kosa sanifu linapaswa kupungua nusu kila hatua. Lisipopungua, ama kasi si √n ama programu ina kasoro. Kwa vipindi vya imani vya asilimia 95 rudia mara 10,000, uhesabu sehemu ya vipindi vinavyobeba thamani halisi. Kosa la uigaji hapo ni karibu 0.002, kwa hiyo 0.948 usiihangaikie, lakini 0.93 itafutie sababu.

Wako,
Rafiki yako