Barua kwa Mwanangu Anayechora Ngazi

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako niliusoma juzi usiku, nikaurudia alfajiri kabla ya kwenda kazini. Unasema huu ni mwaka wa pili tangu uajiriwe na hujachora jengo hata moja: ngazi, vyoo, majedwali ya milango, basi. Unasema miaka mitano ya chuo, na usiku wote ule wa kukata kadibodi kwa wembe, haikuwa kwa ajili ya hayo, na unafikiria kuacha kazi ili uingie kwenye mashindano ya usanifu na wenzako. Mama yako alitaka nikupigie simu. Nimeona heri niandike, maana kwenye simu mimi na wewe huishia kujuliana hali tu.

Sikuzuii. Wewe ni mtu mzima na kichwa unacho. Lakini kabla hujaandika barua ya kuacha, nisikilize habari ya ngazi.

Ninyi mnaiona karatasi inapotoka ofisini. Sisi waashi tunaiona inapofika. Ulipokuwa darasa la nne tulijenga jengo moja la ghorofa. Mchoro wa ngazi ulikuwa safi kabisa, vipandio 17, vyote kimo kimoja. Nilipoanza kupima nikaona kwamba mchoraji amehesabu kutoka zege hadi zege, hakuweka unene wa marumaru na saruji yake vitakavyokuja juu ya sakafu ya ghorofa. Niliona, nikanyamaza. Aliyechora alikuwa msomi, na mkandarasi alikuwa akihimiza zege limwagwe jioni ile ile. Sakafu ilipokamilika, kipandio cha mwisho kikawa kimezidi vingine kwa sentimita nne.

Baadaye nilirudi pale kurekebisha lipu. Mzee mmoja alikuwa akipanda huku anazungumza na mwenzake, hatazami chini. Vipandio 16 alivipita vizuri. Kwenye kile cha 17 ncha ya kiatu iligonga ukingo, akaenda na magoti, miwani ikateleza mpaka ukutani. Nilimwokotea ile miwani, mkono unanitetemeka. Mguu hujifunza kimo cha ngazi kwenye vipandio viwili vitatu vya mwanzo, kisha unaendelea kwa kuamini. Yule mzee aliiamini ngazi niliyoijenga mimi, na mimi nilijua.

Kwa hiyo unaponiambia “ngazi tu, baba”, moyo unanishtuka. Ile kanuni mliyofundishwa, ya kuzidisha kimo cha kipandio mara mbili na kuongeza upana wa kukanyagia mpaka upate kati ya sentimita 60 na 64, shina lake ni Mfaransa François Blondel wa karne ya 17, naye aliianzia kwenye hatua ya mtu anayetembea. Kimo 17, upana 29, unapata 63. Mimi nilikuwa nikijenga hivyo kwa mazoea. Wewe ndiye uliyenieleza sababu yake.

Na ni wewe pia uliyenisimulia habari ya ile hoteli ya Kansas City, Marekani, ukiwa mwaka wa tatu. Ulichora nyuma ya bahasha: njia mbili za kupitia watu, moja juu ya nyingine, zimening'inizwa kwa vyuma kutoka kwenye paa. Katika mchoro wa kwanza chuma kimoja kirefu kilipita njia zote mbili. Kisha kikabadilishwa kuwa viwili, na kile cha chini kikaning'inia kwenye boriti ya njia ya juu. Ukiutazama mchoro haraka huoni tofauti, lakini kiungo kile cha juu kikawa kinabeba mzigo mara mbili. Julai 1981 njia zote mbili zilianguka, wakafa watu 114. Ulipofika kwenye hesabu ya wafu, kalamu ukaiweka chini. Bahasha ile ninayo. Nilijiambia siku ile kwamba huyu atakuwa msanifu ninayeweza kumjengea.

Sasa nije kwenye mawazo yako ya ubunifu, maana najua ndiyo yanayokuuma. Ile zahanati ya mradi wako wa mwisho, yenye paa lililoinuliwa juu ya dari ili upepo upite katikati na kuondoa joto la bati, niliipenda tangu nilipoiona. Ulisema umejifunza kwa Francis Kéré, aliyebuni shule ya kijiji alichozaliwa, Gando, kule Burkina Faso, akiwa bado mwanafunzi Berlin. Shule ilikamilika 2001, naye mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, ile tuzo kubwa ya usanifu wa majengo. Kilichonigusa zaidi ni kwamba mtu huyo alikuwa seremala kabla ya kuwa msanifu, na wanakijiji wenyewe walishiriki kuijenga shule ile. Alichora kitu ambacho mikono iliyokuwepo ingeweza kukijenga.

Siku ya maonyesho, majaji walipoondoka, nilikuuliza mvua ya upepo itazuiwa na nini pale kwenye uwazi, na ndege je? Ulinyamaza, nikadhani nimekuudhi mbele ya wenzako. Usiku ule ulikaa mezani ukachora upya mkato, yaani ule mchoro unaoonyesha jengo kana kwamba limekatwa wima, ukarefusha ukingo wa paa, ukaweka wavu, ukaniuliza wavu unafungwaje. Mwanangu, ile ilikuwa saa nzuri kuliko ile ya kuvaa joho. Hicho kipaji ndicho nisichotaka kiondoke ofisini kabla hakijashiba. Nchi nyingi hazimwandikishi msanifu mpaka afanye kazi chini ya msimamizi kwa muda, na muda huo umeshaula nusu. Mashindano yafanyeni usiku na mwisho wa wiki, kama mlivyozoea chuoni. Ukiona mkuu wako hakupeleki saiti, mwombe. Akikataa, omba tena. Na ukifika, mtafute mwashi mwenye umri, umuulize ni kitu gani kwenye mchoro wako kinachomsumbua. Usiondoke kabla hajajibu, kwa sababu jibu la kwanza litakuwa “hakuna”. Mimi nililitoa jibu hilo.

Ulikuwa na miaka saba nilipokupa timazi, ule uzito wa kwenye uzi wa kupimia wima wa ukuta, kwa mara ya kwanza. Uliushika uzi kwa vidole viwili, ukabana pumzi ili isiyumbe, ukaniambia, “Baba, bado haijatulia, usiweke tofali.” Nilisubiri.

Nitumie mchoro wa ngazi unayoishughulikia sasa. Nataka mkato, na unene wa sakafu ya chini na ya juu uuandike. Jumapili nitakuwa nyumbani, nitakaa nao na penseli.

Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako