Barua ya wazi kwa Waziri wa Ardhi: ngitili sio pori la bure

Shikamoo Mheshimiwa Waziri. Naandika toka huku Shinyanga, na shida yenyewe ni maneno machache tu ya kwenye sheria ila yanatumaliza.

Kwa wasiojua, ngitili ni malisho tunayoyafunga mvua zikianza, ng'ombe haingii, nyasi zinakua na migunga inachipua, alafu mwezi wa saba wa nane huko kiangazi kikikaza ndo tunafungua. Sasa afisa akija masika anakuta nyasi kiunoni, hakuna ng'ombe hakuna jembe, anaandika eneo halitumiki. Basi imeisha hiyo! Maana Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inasema ardhi ya jumla, ile inayosimamiwa na serikali kuu badala ya kijiji, ni pamoja na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika, wakati Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka huohuo, haina hayo maneno. Mwenye trekta anajua ashike ipi. Mje kukagua mwezi wa nane basi, mtaona nani anatumia.

Na hii mikoa mnaijua. Enzi za mkoloni miti ilifyekwa kwa amri ya serikali ili kufukuza mbung'o, ikaja pamba ikamalizia, mpaka watu wakaita jangwa. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, wazee wakarudisha ngitili zao, na mradi unafungwa 2004 zilishavuka hekta 300,000. Zililindwa na dagashida, yaani baraza letu la jadi la Wasukuma, na sungusungu, walinzi wa jadi, zaidi ya karatasi yoyote, tuseme ukweli.

Ila sasahivi wazee wale wanaondoka, vijana wanagawana eneo, mmoja anauza kipande chake na mnunuzi anang'oa mpaka visiki. Sheria ndogo ya kijiji ipo lakini faini yenyewe mtu analipa huku anacheka.

Tunachoomba ni hivi: hayo maneno "isiyotumika" yatolewe kwenye Namba 4, au iandikwe wazi kwamba kufunga malisho nayo ni matumizi. Alafu ngitili iingie kwa jina lake kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji na kwenye hati za kimila, za ukoo na za kijiji zote, na asifyeke mtu ngitili kulima mpaka mkutano mkuu wa kijiji ukubali. Sio mwenyekiti peke yake na muhuri wake nyumbani, hapana, mkutano mkuu.