Kaka, Ule Mstari Sikuuchagua Mimi

Shikamoo kaka. Simu hupokei na kwenye grupu la familia umejitoa, basi nakuandikia hapa. Najua unapitapita.

Nianze na lile lililokuudhi. Asubuhi ile nilipotuma "Waheshimu baba yako na mama yako", uliandika kwamba natafuta mistari ya kukusema mbele ya watu, ukatoka. Kaka, wewe umelelewa Moravian kama mimi. Mstari wa siku wa Agano la Kale huchomolewa kwa kura, kama bahati nasibu, kule Herrnhut, Ujerumani, miaka kadhaa kabla. Kitabu cha mistari hiyo kinachapwa kila mwaka tangu 1731. Siku wanauchomoa ule, mama alikuwa bado anapalilia chai yake. Mimi kazi yangu ni kunakili na kutuma. Yule aliyejibu "ujumbe umefika" ni shangazi, kamuulize yeye.

Lakini tusidanganyane, hatukuanzia kwenye grupu. Tulianzia wodini. Mama alikuomba umsomee, macho yalikuwa yameshamchoka. Ulikuwa umekaa upande wa dirisha, chaja yako umechomeka pale pa feni, feni ukaizima. Ukamwambia, "Pumzika mama, hayo maneno si unayajua yote." Hukuinua hata uso. Mama akasema haya baba, akageukia ukutani. Nilitoka kununua maji, niliporudi feni bado imezimwa. Kila nikitaka kukusamehe naikumbuka hiyo feni.

Nilimsomea mimi. Sikusoma kwa sababu ni mtakatifu kuliko wewe, nilisoma kwa sababu nilikuwepo. Nawe nauli unayo, usiniambie habari za kazi.

Hata hivyo nimekumiss. Hakuna anayejua kumwigiza mchungaji wetu wa zamani akisoma orodha za majina ya kitabu cha Hesabu kama wewe. Mama alikuwa anacheka mpaka anashika ubavu, halafu anakufinya.

Siku ya kuanua tanga wewe ulichukua redio, Biblia ukaniachia mimi. Sasa ngoja nikuambie kilichomo. Mama aliandika pembeni kwa penseli, herufi zake zile za kulala. Penye Maombolezo 3, pale pa "Ni huruma za Bwana kwamba hatuangamii", kaandika: "Nauli ya kijana imepatikana. Asante." Kijana ni wewe, mwaka ule ulipokwenda bweni. Mbele kidogo: "Mvua. Mbolea bado." Na pengine, "Leo mguu hauumi."

Nilikuwa nadhani sura ile ni ya furaha, kwa jinsi tunavyoimba rehema mpya kila asubuhi. Isome tangu juu. Yerusalemu imeanguka, mtu analia kwamba amevunjwa meno kwa changarawe, na ni huyohuyo anayefika mstari wa 22 akakuta bado yuko hai. Mama alisoma hivyo, na shukrani zake zilikuwa za siku moja moja, zenye mbolea isiyopatikana ndani yake. Ndiyo maana nami nasoma kila asubuhi kabla sijawasha moto. Siku nyingine hainiingii kabisa, nasoma tu. Siku za orodha za majina ndiyo usiseme. Lakini nikishasoma natafuta kitu kimoja cha kuandika, na nikikosa naandika "chumvi ipo". Ungejaribu wiki moja, huenda hata ule usingizi unaoulalamikia kwa shemeji ungekurudia. Sikuhubirii. Ningetaka kukuhubiria ningetuma sauti, si mstari mmoja, na ile alama ya mikono niliweka kwa sababu huwa naiweka kila siku.

Krismasi tunachinja. Chumba chako kipo, nimekitandika. Biblia utaisoma hapahapa sebuleni, penseli ya mama uione kwa macho yako. Kwenda nayo Dar, hapana. Wewe una redio.