Dada Yangu, Mungu Si Mdeni Wetu

Buruburu, Nairobi

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo, nikitumaini kwamba wewe na wote wa nyumbani mwako mko salama. Barua yako niliipokea, nikaisoma, nikaiweka kando, kisha nikairudia jioni nyumba ilipotulia, kwa sababu haikuwa barua ya kujibiwa kwa haraka. Umenieleza jinsi ulivyotoka kanisani kabla ya baraka za mwisho, Jumapili ile jirani yako aliposimama kutoa ushuhuda kwamba kijana wake ameajiriwa benki, ilhali binti yako, aliyehitimu chuo kikuu kabla ya kijana huyo, bado yuko nyumbani akizungusha barua za maombi ya kazi. Ukaandika maneno ambayo hayajaniondoka moyoni: "Jirani ameokoka juzi tu. Mimi nimeimba kwaya tangu ujana wangu, fungu la kumi sijawahi kulichelewesha, kesha sikosi. Mungu ananidai nini tena ambacho sijampa?"

Huzuni yako si dhambi, na sitaki uyasome yanayofuata ukidhani kwamba nakulaumu kwa kulia. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumwuliza Bwana atamsahau mja wake hata lini, na hakuna aliyethubutu kuiondoa katika Maandiko kwa sababu ya ukali wake. Hana alilia hekaluni Shilo mpaka kuhani Eli akadhani amelewa, na Bwana akamsikia. Anayemlilia Mungu bado anamwona kuwa ni Mungu. Kilichonitia hofu katika barua yako ni ile hesabu: kwaya, fungu la kumi, kesha, vyote umevipanga kama stakabadhi, kisha ukauliza malipo yako yako wapi.

Moyo wa kudai, dada yangu, haumpati sana mlegevu. Yeye anajua kwamba hana cha kuonyesha, na akipata jambo jema hushtuka, akashukuru. Unampata mwenye bidii, yule anayefungua mlango wa kanisa na kuufunga, anayejua funguo za stoo ziko wapi na ni nani hajalipa ada ya sare za kwaya. Kwa kuwa utumishi wake ni wa kweli na jasho lake ni la kweli, haoni ni siku gani sadaka iligeuka ikawa mkopo aliomkopesha Mungu. Ndiyo maana nakuandikia wewe, ambaye sina shaka hata kidogo na uaminifu wako.

Kumbuka swali ambalo Shetani aliuliza katika sura ya kwanza ya kitabu cha Ayubu. Hakumshtaki Ayubu kwa wizi wala uzinzi. Aliuliza kama Ayubu anamcha Mungu bure, yaani, ukimwondolea ng'ombe, ngamia na watoto, je, utabaki na mcha Mungu au utabaki na mfanyabiashara aliyevunjiwa mkataba? Swali hilo linaulizwa juu ya kila mmoja wetu, na hapa Nairobi tumezoeshwa kulijibu vibaya. Washa redio au televisheni usiku wowote utasikia mhubiri akiwaambia watu wapande mbegu, waamuru, wapokee, waikamate haki yao kwa nguvu, huku namba ya M-Pesa ikipita chini ya skrini. Mama muuza mboga pale soko la Marikiti anaambiwa kwamba akitoa elfu moja Mungu atakuwa amefungwa na neno lake mwenyewe kumrudishia zaidi. Ninaona uchungu kulisema hili, kwa sababu baadhi ya wahubiri hao wana wito wa kweli, lakini mafundisho hayo yanamfundisha Mkristo kuja mbele za Baba yake kama mdai anayebisha mlangoni kwa mdeni mkaidi.

Mstari wanaoutumia zaidi ni Malaki 3:10, ule wa kuleta zaka kamili ghalani ili Bwana afungue madirisha ya mbinguni. Ni neno la Mungu, nami nalishika. Lakini endelea kusoma. Mistari minne tu mbele, Bwana anawakemea watu walewale kwa sababu wamesema kwamba kumtumikia Mungu hakuna faida, nao wamepata faida gani kwa kuyashika maagizo yake. Ahadi na karipio vimo katika sura moja, wala sikumbuki ni lini nilisikia vyote viwili vikisomwa kabla ya kapu la sadaka kupitishwa.

Nataka nikae kidogo kwenye mfano wa wafanyakazi katika shamba la mizabibu, Mathayo 20, kwa maana naona kwamba umesimama ndani yake. Sisi wa Nairobi tunauelewa mfano huu kwa macho. Ukipita Industrial Area asubuhi kabla jua halijachomoza vizuri, utawaona vibarua wamejipanga nje ya malango ya viwanda, wengi wao wametoka mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa miguu. Msimamizi anatoka, anaonyesha kwa kidole: wewe, wewe, na wewe kule nyuma. Lango linafungwa. Waliobaki hawaondoki mara moja. Wengine wanakaa kwenye ukingo wa barabara wakitumaini kwamba lori litaingia na mzigo watahitajika wapakuaji, na kufikia mchana utaona mmoja amekunja koti lake, amelikalia, anaangalia lango lilelile. Huyo hajapumzika. Amefanya kazi ngumu kuliko aliye ndani, kwa sababu tangu alfajiri amebeba wazo la watoto watakula nini jioni. Ndiyo maana wale wa saa kumi na moja jioni, ambao mwenye shamba aliwaajiri mwisho, walipoulizwa kwa nini wamesimama pale mchana kutwa, walijibu kwamba hakuna mtu aliyewaajiri.

Mwenye shamba akawapa dinari nzima, ujira wa siku, unaotosha nyumba kula. Na wale wa alfajiri? Dinari yao haikupungua hata senti. Walipokea walichopatana. Kilichowaumiza ni mkono wa mwenzao kujaa, na malalamiko yao yalikuwa kwamba wamesawazishwa na watu wasiostahimili taabu na hari ya mchana. Sasa jiulize, dada yangu: kijana wa jirani alipopata kazi, binti yako alinyang'anywa nini? Na mama yake, ambaye wewe unasema ameokoka juzi, unajua amesimama nje ya lango kwa miaka mingapi kabla ya kuingia, akiwa na mzigo gani? Mwenye shamba alimwita yule mlalamikaji "rafiki", hakumfukuza shambani; alimwuliza tu kama jicho lake limekuwa ovu kwa sababu yeye ni mwema.

Hapo ndipo penye hatari yenyewe. Moyo wa kudai huanza kwa kuua shukrani, kwa sababu hakuna anayeshukuru anapolipwa deni. Anahesabu noti na kuuliza mbona zimepungua. Ukishaua shukrani unaua ushirika, maana ushuhuda wa mwenzako unageuka kuwa taarifa kwamba wewe umerukwa. Nimewaona watu waliofika mwisho wa njia hiyo. Hawakumkana Kristo kwa sauti. Waliendelea kuja, wakakaa viti vya nyuma, wakawa wepesi wa kuona makosa ya kasisi, ya vijana, ya wapiga vyombo, na sala zao zikakauka, kwa kuwa ni vigumu kuzungumza kwa upendo na mtu unayeamini kwamba amekudhulumu. Ulipotoka kabla ya baraka, ulikuwa umeanza hatua ya kwanza ya safari hiyo, nami nisingekuwa rafiki yako kama ningenyamaza.

Lakini nisieleweke vibaya. Kuna kudai ambako ni haki, na wapo wanaolitumia neno unyenyekevu kuwaziba watu midomo. Waumini wakiuliza pesa za ujenzi zilikwenda wapi, hawana kiburi. Mfanyakazi wa nyumbani akidai mshahara wake kwa mwajiri aliyeokoka, Yakobo 5:4 inasema kilio chake kimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Binti yako akinyimwa kazi kwa sababu hakutoa hongo, ana haki ya kulalamika, na sisi tuna wajibu wa kulalamika pamoja naye. Wanadamu wana madeni kwa wanadamu. Kwa Mungu ni jambo jingine, kwa maana Paulo anawauliza Wakorintho wana nini wasichokipokea, na hata pumzi uliyotumia kuimba kwaya miaka yote hiyo ilikuwa yake.

Wazee wetu wa uamsho walilijua hili. Uamsho ule uliowaka Gahini, Rwanda, ukafika kwetu Kenya mwaka 1937, uliwalea watu ambao ushuhuda wao ulianzia kwenye dhambi walizosamehewa, msalabani, ndipo wakasimulia mengine. Wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952, wengi wao walikataa kula kiapo cha Mau Mau, wapiganaji waliopinga ukoloni, na wapo waliokataa pia kushika bunduki za serikali, na baadhi yao waliuawa. Fikiria kama wangekuwa na imani ya mkataba. Walikuwa wameomba, wamefunga, wamehubiri, na panga likaja vilevile. Kwa kumbukumbu ya Wakristo hao lilijengwa kanisa kuu la Murang'a, na ndani yake msanii Elimo Njau alichora ukutani michoro mitano ya maisha ya Kristo katika mazingira ya Wakikuyu. Mmoja ni wa Gethsemane. Naona ilifaa sana sala ile ya Yesu iwekwe katika nyumba ya wafia dini: "Aba, Baba, yote yawezekana kwako, uniondolee kikombe hiki, walakini, si kama nitakavyo mimi, bali utakavyo wewe." Aliyekuwa na haki zote za Mwana aliomba kwa uwazi kabisa alichotaka, akataja uwezo wa Baba, kisha akaacha mkono wa Baba huru. Kikombe hakikuondolewa.

Kwa hiyo sikwambii uache kumwombea binti yako kazi. Omba kila siku, na uitaje kazi yenyewe kwa jina. Acha tu kuitaja kwaya pamoja nayo. Nakuomba pia usiache kuimba kwa hasira. Ikiwa umechoka, mwambie mwalimu wa kwaya umechoka, upumzike, kwa maana kupumzika ni jambo jingine na kugoma ni jingine. Tena nakuomba, ingawa najua itakuwia vigumu, uende kwa jirani yako kabla ya Jumapili ijayo, umpe mkono, umpongeze kijana wake kwa kinywa chako mwenyewe, hata kama moyo utafuata baadaye. Usimweleze mambo haya yote. Kunywa chai yake tu. Huenda akawa na mengi ya kukusimulia kuhusu miaka ya kungoja.

Nyakati za jioni, kabla ya kulala, soma Luka 17 kuanzia mstari wa saba hadi wa kumi, pale mtumwa anaporudi kutoka shambani na bado anahudumu mezani. Zamani nilidhani ni maneno makali. Sasa naona kwamba yanapumzisha, kwa sababu anayesema "tumefanya tu yaliyotupasa kufanya" hana daftari la kulinda usiku.

Kuhusu binti yetu, mwambie aniletee vyeti vyake na wasifu wake nivione. Kuna mama katika ushirika wetu wa Jumatano ambaye shirika lake linatafuta wahasibu wachanga. Sina uwezo wa kuahidi kitu, na hongo hatutatoa, lakini barua yake nitaifikisha mezani panapostahili. Aje Jumamosi asubuhi, nitakuwa nyumbani, na akilala hapa tutakwenda ibada pamoja.

Wako katika Kristo,
Dada yako wa Buruburu