Barua ya wazi: Mheshimiwa, simamisha ruhusa za kuchimba Salaita

Mheshimiwa,

Salamu nyingi, natumai wewe na familia mko salama. Najitambulisha tena kwa sababu sijui kama kuna barua yangu hata moja iliyowahi kufika mezani kwako. Mimi ni mwalimu upande huu wa Taveta, na nikipata wikendi nazunguka kwenye viwanja vya ile vita ya 1914 hadi 1918 nikiwa na picha za zamani mkononi, natafuta mahali zilipopigiwa. Nimepitia njia ya ofisi, barua zimegongwa muhuri wa kupokelewa, nikaambiwa faili liko kwa mkubwa rudi wiki ijayo, na hiyo wiki ijayo mpaka leo haijafika. Unisamehe basi kama naongea na wewe mbele ya watu, lakini yaliyofanyika Salaita Jumamosi iliyopita yamenishinda kunyamazia.

Nilifika pale chini ya kilima saa mbili asubuhi nikakuta magari mawili, wageni na wenyeji wao, na vile vidude vya kutafuta chuma ardhini, vile unavipepeza juu ya udongo halafu vinalia. Wameajiri vijana wetu kwa mia tano kwa siku, kila kidude kikilia kijana anapiga jembe, kinachotoka kinatupwa kwenye gunia. Hakuna anayeandika, hakuna anayepiga picha, hakuna anayepima kitu kimetoka wapi. Nikauliza mmeruhusiwa na nani, nikaonyeshwa barua yenye muhuri wa ofisi yako, imesema ni "utafiti wa historia ya vita". Haina tarehe ya kumaliza, haisemi watakachopata kitapelekwa wapi, haina jina la mtaalamu hata mmoja wa mambo ya kale. Nikampigia mzee wa mtaa, akasema mwalimu, wana barua, mimi nitafanya nini? Jioni wakaondoka na magunia yao. Mashimo wameyaacha wazi, na ng'ombe wanapita pale kila siku.

Mheshimiwa, wewe hii historia unaijua, si uliisoma mbele yetu ile siku ya mkutano pale shuleni. Naiandika kwa ajili ya wanaosoma hapa na hawajawahi kufika huku. Agosti 1914 vita ilipoanza huku tulikuwa chini ya Waingereza, na ng'ambo, ambako leo ni Tanzania, walitawala Wajerumani. Wajerumani walivuka mpaka wakaichukua Taveta, wakaikalia mpaka Machi 1916. Salaita ni kilima kidogo tu kimesimama peke yake kwenye tambarare, ukija kutoka Voi unakipita kabla ya kufika mjini, na ndicho kilichowafungia Waingereza njia. Tarehe 12 Februari 1916 wakatumwa wanajeshi wa Afrika Kusini waliokuwa wamefika nchini juzi juzi, wakapigwa vibaya, wakarudi nyuma ovyo, na waliowaokoa ni Wabaluchi wa jeshi la India, wale wale waliokuwa wanadharauliwa. Mwezi mmoja baadaye Jenerali Smuts, mkuu wa majeshi ya Waingereza, akazungukia upande wa Ziwa Chala, Wajerumani wakaona watafungiwa wakakiacha kilima bila kupigana, na vita kali ikahamia kwenye ule mlango kati ya vilima vya Latema na Reata, tarehe 11 na 12 Machi.

Sasa sikiliza hapa maana ndipo uchungu wangu ulipo. Ile siku ya Februari mizinga ya Waingereza ilipiga juu kileleni kwa sababu walidhani mahandaki ya Wajerumani yako huko. Hayakuwa huko. Mahandaki yenyewe yalikuwa chini, kwenye miguu ya kilima, yamefichwa na vichaka vya miiba, na askari walikaa humo wakingoja adui asogee. Kwa hivyo historia ya Salaita haiko juu kwenye mawe ambako watalii wanapanda kupiga selfi, iko chini, kwenye udongo ambao ng'ombe wanakanyaga, kina chake hata kiganja cha mkono hakifiki. Na hapo hapo ndipo walipochimba. Sijui nani aliwaonyesha. Labda ni mtu wa kwetu alipewa kitu kidogo, labda wamesoma kwenye vitabu vya kwao, lakini waliijua sehemu vizuri sana.

Kuna watu wananiambia mwalimu, unalilia maganda ya risasi, si ni skrepa tu. Wacha nieleze ganda ni nini. Askari wengi wa Mjerumani walianza hii vita na bunduki za zamani za Mauser za 1871, zinazotumia baruti nyeusi, ukipiga risasi moja moshi unapanda na adui anajua ulipo. Ganda lake ni nene, na bunduki za kisasa zaidi ganda lao ni jembamba zaidi. Ukiyakuta manene matano yamelala pamoja nyuma ya jiwe, hapo alilala askari, na pengine ni mtu wa kutoka Unyamwezi au Usukuma, na alifyatua mara tano, na alikuwa ameelekea mashariki. Yakiwa mahali pake yanakuambia yote hayo. Yakiwa kwenye gunia hayasemi kitu, ni shaba ya kupimwa kwa kilo. Ndio maana mimi na wanafunzi wangu hatuokoti, tunapiga picha na kuandika kwenye daftari kisha tunaacha pale pale. Watoto wa darasa la sita wanaelewa hili, Mheshimiwa, na ofisi yako imetoa ruhusa ya magunia.

Halafu kuna ile picha. Nilipewa nakala na mzee mmoja aliyekuwa ameipata kutoka Ulaya, picha ya askari wamekaa ndani ya handaki, mbele yao ukuta mfupi wa mawe, na nyuma kwa mbali vilima viwili na mwanya katikati. Imeandikwa chini "Taveta", basi. Nimezunguka na hiyo picha mpaka mke wangu akawa anasema nimeolewa na karatasi. Kazi yenyewe iko hivi: unasimama, unainua picha usawa wa macho, unalinganisha mstari wa vilima. Ukisogea kushoto ule mwanya wa Latema na Reata unajifunga, ukisogea kulia unafunguka, ukipanda juu tambarare inaongezeka. Milima haihami, kwa hivyo ukivumilia mwisho utasimama pale pale aliposimama mpiga picha. Nilipasimama. Haikuwa Taveta mjini, ilikuwa Salaita, upande wa chini, na ule ukuta wa mawe ulikuwa bado upo, jiwe moja pana lenye ufa lilikuwa linaonekana kwenye picha na lilikuwa mbele ya viatu vyangu. Miaka zaidi ya mia moja na halijasogezwa.

Jumamosi limesogezwa. Ukuta wote wameubomoa kutafuta vitu chini yake, mawe yametawanywa. Ile picha sasa siwezi kumthibitishia mtu yeyote. Nitamwambia nini mtafiti akija, niamini?

Na hawa angalau walisema ni historia. Kuna wengine wanakuja usiku wanatafuta dhahabu ya Mjerumani. Hii imani imeenea pande zote mbili za mpaka, ati Mjerumani alipokimbia alizika masanduku, na vijana wanapoteza usiku wao na pesa zao kwa waganga na kwa matapeli wenye ramani. Zile sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya ndovu zipo kweli, lakini zilitengenezwa Tabora mwaka 1916 baada ya Mjerumani kuwa ameshaondoka Salaita na Taveta. Atazizikaje huku kabla hazijatengenezwa? Ninasema hivi kila mahali, barazani, kanisani, kwenye matatu, na bado naulizwa kwa siri mwalimu wewe umepata kiasi gani. Wameniita mara mbili kwa chifu kwa hiyo tuhuma. Mimi ninayewaambia watoto wasiokote hata ganda moja ndiye ninayeshukiwa, na wenye mashine wanapewa muhuri.

Nimesoma sheria kwa sababu niliambiwa sijui sheria. Sheria ya makumbusho na turathi ya 2006 inahesabu kitu cha kale kinachohamishika kuwa ni kile kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Vita yetu ni ya 1914. Maana yake kifungo cha askari, ganda, kopo la maji la mpagazi, vyote hivyo ni vichanga mno, havilindwi kwa umri wake. Lakini sheria hiyo hiyo inaruhusu mahali penye historia patangazwe rasmi na kulindwa hata pawe na umri gani. Kwa hivyo kinga yetu ni ardhi yenyewe. Nimeuliza kwa maandishi kama ile miguu ya Salaita imo kwenye tangazo lolote na mipaka yake inaishia wapi. Swali dogo sana hilo, la ndiyo au hapana, na karani anaweza kulijibu bila hata kukusumbua wewe.

Pengine unaona ni vita ya wazungu. Wenye vyeo walikuwa wazungu, ndiyo. Luteni Dartnell wa jeshi la Waingereza aliuawa karibu na Maktau Septemba 1915, alijeruhiwa mguu akakataa kuondolewa ili abaki na majeruhi wenzake, akapewa Victoria Cross, nishani yao ya juu kabisa ya ushujaa, kaburi lake liko Voi na jina lake linasomeka, na anastahili. Je, waliombebea maji? Waliobeba risasi za hao wanajeshi? Pale Nairobi, Kenyatta Avenue, kuna sanamu tatu za ukumbusho, zimeandikwa kwamba wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi, lakini jina hakuna. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri kwenye ripoti ya Aprili 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na wanaweza kufika 350,000. Hao hawana jiwe. Walichoacha ni hivyo vitu vidogo vidogo kwenye udongo wa kwetu.

Mimi upande wa bibi yangu ni mtu wa Kasighau. 1915 Waingereza waliwashuku watu wa Kasighau kwamba wamemsaidia Mjerumani, wakachoma vijiji, wakawahamishia Malindi, na wengi walikufa huko, waliobaki wakarudi kwao 1936. Bibi alizaliwa huko uhamishoni. Hakuna picha ya wale watu wakitembezwa, nimetafuta. Kwa hivyo nikiona picha moja yenye sura za watu weusi kwenye hii vita, na nikapata mahali pake, na mahali hapo pakavunjwa kwa siku moja, usiniambie nitulie.

Sijalipwa hata senti na sijaomba. Nauli ni yangu, kuchapisha picha ni pesa yangu, simu ya kupigia picha niliyonunua kwa mkopo wa sako bado naikatwa kwenye mshahara. Mwaka jana nilichomwa na miiba mguu ukavimba, nikalala hospitali. Mwanangu wa kwanza alirudishwa nyumbani kwa karo mwezi ambao mimi nilikuwa nimetoa hela ya gari kupeleka wanafunzi Mbuyuni kuona ule mbuyu wenye matundu ya risasi, ule wa hadithi ya mwanamke wa Kijerumani aliyejificha ndani akipiga watu (mimi hadithi yenyewe siishiki sana, matundu ndiyo naamini). Nayasema haya kwa sababu wiki iliyopita kijana wa ofisini kwako alinijibu kwenye simu, "mwalimu, hiyo hobi yako." Si hobi.

Ulituahidi, Mheshimiwa, na watu walipiga makofi. Ulisema patajengwa nyumba ya kuhifadhi vitu vya vita hapa hapa, ulisema vijana watafundishwa kuongoza wageni, ulisema mabango yatawekwa. Tulikusikia na tulikuamini. Leo vijana hao hao wanashika jembe kwa mia tano kubomoa kile ambacho wangekuwa wanawaonyesha wageni miaka yote. Na usalama je? Mizinga ilipiga pale, na si kila bomu lililoanguka lililipuka. Siku jembe la kijana litagonga lisilolipuka, barua yako itakuwa mfukoni mwa nani?

Sikuombi nyumba tena. Hata mabango acha. Naomba jambo moja: usitoe ruhusa nyingine ya kuchimba, Salaita, Latema, Reata, Maktau, Mbuyuni, kokote, mpaka mtu anayejua kazi hii atembee pale na kuandika kilichopo. Na ile iliyotolewa ifutwe, kwa sababu haina tarehe ya mwisho na wale watu wamewaambia vijana watarudi mwisho wa mwezi. Hiyo haihitaji bajeti. Ni karatasi moja na sahihi yako.

Daftari letu lipo, lina picha na vipimo vya kila tulichoona, atakayekuja nitampa nakala yote na nitamtembeza mwenyewe bila malipo. Lakini simamisha ruhusa kwanza. Mwisho wa mwezi ni wiki mbili tu, Mheshimiwa. Simamisha ruhusa.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa Taveta