Nzi wamerudi siku ya tisa: kwa nini tunadai safari ya pili

"Mmekuja, mmechukua hela, na nzi wamerudi vilevile." Malalamiko haya yanatufikia sisi tunaosafisha mazizi ili kupunguza nzi, kila masika yanapokatika na jua kurudi. Safari hii yametoka kwa mteja wa Kibosho mwenye ng'ombe watatu wa maziwa, na anaamini kabisa kwamba tumemlia fedha yake. Tunamjibu hapa bila kumtaja, kwa sababu swali lake ni la wengi, kuanzia Pasua hadi Marangu, hapa Kilimanjaro.

Tuanze na hesabu ya siku. Nzi jike hutaga mayai 75 hadi 150 kwa mkupuo mmoja, na hurudia mara kadhaa maishani mwake. Kwenye joto yai huanguliwa ndani ya siku moja. Funza hula samadi mbichi siku 4 hadi 7, kisha huliacha tope na kutambaa hadi penye udongo mkavu, ambako hugeuka pupa, yaani hujifunga ndani ya gamba gumu. Baada ya siku 3 hadi 6 nzi mzima hutoka. Kwa joto la Moshi mjini la Januari na Februari, mzunguko wote unaweza kuisha ndani ya siku 8 hadi 10. Huko juu mlimani, kwenye baridi ya Juni na Julai, huchukua wiki kadhaa.

Sasa chukua reki ukwangue udongo mkavu pembeni ya lundo la samadi, nusu mita hivi kutoka ukingoni, hasa chini ya ubao au jiwe. Utakuta vidude vya rangi ya kahawia iliyoiva, vigumu, urefu wake kama punje ya mchele. Hivyo ndivyo nzi wako wa wiki ijayo. Samadi umeshazoa, sakafu inang'aa, lakini hawa hawamo kwenye samadi. Dawa ya kupulizia haiwafikii, mwarobaini hauwafikii, na mtego hauna habari nao. Hadi siku ya nane au ya tisa wanakuwa wametoka wote, na mwenye zizi anaona kama hakuna kilichofanyika.

Ndiyo sababu bei yetu ya shilingi 60,000 kwa zizi la ng'ombe wawili au watatu ni ya safari mbili. Ya kwanza ni ya kuzoa, kukausha na kupanga lundo. Ya pili, kati ya siku ya 7 na ya 8, ni ya kugeuza lundo, kukwangua ukingo wa udongo na kuweka mitego kwa ajili ya waliobaki. Mteja akituambia "njooni mara moja tu, nawalipa nusu", anakuwa amenunua siku nane za utulivu. Mteja wa Kibosho alilipia safari moja. Tulimweleza, akasema vijana wake wataligeuza lundo wenyewe. Lundo halikuguswa.

Watu wanauliza pia kwa nini tutoze kiasi hicho wakati hatuleti dawa ya dukani. Ng'ombe mmoja wa maziwa hutoa kilo 20 au zaidi za samadi mbichi kwa siku. Ng'ombe watatu ambao hawajasafishiwa wiki mbili wana zaidi ya kilo 800 za kuhamisha kwa beleshi na toroli, halafu kuzipanga. Hiyo ni kazi ya watu wawili kutwa nzima, na haina njia ya mkato.

Upangaji wenyewe una kanuni zake, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Samadi ikihamishwa tu na kurundikwa chini ya migomba nyuma ya jiko, umewahamishia nzi chumba. Lundo liwe na upana, urefu na kimo cha mita moja au zaidi, maana likiwa dogo halishiki joto. Tabaka la samadi la sentimita 20, juu yake tabaka la majani makavu ya mgomba, maranda au pumba za mpunga, nenda hivyo hadi juu. Kamata konzi ya mchanganyiko ukaze ngumi: likitoka tone moja au mawili, unyevu umekaa sawa. Maji yakichuruzika, ongeza maranda. Funika kwa turubai na ukandamize kingo zake kwa udongo pande zote. Lundo zuri hupita nyuzi 50 ndani ya siku chache, na funza hawavumilii joto hilo. Huna kipimajoto? Choma kipande cha nondo hadi katikati, kiache dakika kumi, kichomoe. Kama unaweza kukishika bila kukiachia, lundo halijachemka.

Lakini ukingoni joto ni dogo, na funza wanalijua hilo, wote hukimbilia huko. Kugeuza maana yake ni kuingiza ukingo katikati na kutoa katikati nje. Kuchokoa tu juu kwa uma si kugeuza. Eneo la nusu mita kuzunguka lundo lipigwe liwe gumu na lifagiliwe, funza wakose pa kujichimbia. Baada ya hapo zizi lizolewe angalau mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi kwa mfano, ili hakuna yai linalofika kuwa pupa.

Jambo jingine linalotusumbua kwenye mazizi ya uchagani ni hori. Mgomba uliokatwakatwa ni chakula kizuri, ila mabaki huangukia chini, yanachanganyika na mkojo na kuvunda. Hapo ndipo anapozaliana nzi anayeuma. Kwa mbali anafanana na nzi wa kawaida, lakini ana mdomo mgumu uliochomoza mbele kama sindano, na hupenda miguu ya ng'ombe. Ukiona ng'ombe anapiga kwato chini bila kutulia wakati wa kukamua, mwangalie miguuni, usimlaumu mkamuaji. Nzi huyu hunywa damu, kwa hiyo chambo cha samaki wala sukari havimvuti. Dawa yake ni kufagia chini ya hori kila siku na kubadilisha matandiko ya ndama, kwa sababu banda la ndama ndilo chafu kuliko yote na ndilo linalosahaulika.

Kwenye mabanda ya kuku tatizo kwa kawaida ni kinyweo kinachovuja. Maranda makavu ya sentimita 8 hadi 10 hayazalishi nzi. Duara moja lililolowa chini ya kinyweo linawazalisha wa kutosha nyumba nzima. Inua kinyweo kifike usawa wa mgongo wa kuku, ondoa maranda yaliyolowa, weka mapya.

Mitego. Kata theluthi ya juu ya chupa ya lita 1.5, igeuze iwe faneli, ichomeke ndani bila kifuniko. Weka maji robo lita, vijiko viwili vya sukari au molasi, nusu kijiko cha hamira, na matone mawili ya sabuni ya vyombo ili nzi azame badala ya kusimama juu ya maji. Mashambani tumia matumbo ya samaki, yanavuta zaidi. Subiri siku mbili ichache. Kisha, tafadhali, usiuning'inize mlangoni pa jiko! Kuna mama lishe Majengo aliyetuambia mitego yetu inaongeza nzi, na alikuwa sahihi: alikuwa ameining'iniza juu ya meza ya wateja. Harufu inawaita kutoka mbali. Mtego ukae mita 10 kutoka mlangoni, kati ya nyumba na lundo au jalala, na ukamwagwe kabla haujajaa.

Mfuko wa nailoni wenye maji safi unaoning'inizwa kibandani haufukuzi nzi. Ndimu iliyochomekwa karafuu, hata ikisaidia, ni kwenye sahani moja, si kwenye chumba. Mchaichai na mrehani dirishani ni vizuri kuvipanda, lakini majani yasiposuguliwa harufu yake haitoki ya kutosha. Wavu dirishani na feni juu ya meza vinashinda vyote hivyo, kwa sababu nzi hawezi kuruka vizuri kwenye upepo.

Mwarobaini tunautumia, na tunautumia kwa kipimo: gramu 50 za kiini cha mbegu kilichotwangwa kwa lita moja ya maji, hulala usiku mmoja, huchujwa kwa kitambaa, huongezwa sabuni kidogo na kunyunyizwa juu ya samadi siku hiyohiyo. Huwazuia funza kukua, hauui nzi wanaoruka. Jua huuvunja nguvu, hivyo rudia kila baada ya siku 5 hadi 7. Pareto ni kinyume chake, huangusha nzi papo hapo na kupoteza nguvu upesi kwenye mwanga, na ni hatari kwa nyuki na samaki. Mwenye mizinga au bwawa atuambie mapema.

Kwa choo cha shimo, kikombe cha majivu makavu kila baada ya matumizi, na bomba la hewa la inchi 4 au zaidi linalozidi paa kwa nusu mita, lenye wavu juu. Ndani ya choo kuwe na giza, ili nzi afuate mwanga wa bomba na kunasa kwenye wavu. Wavu ukitoboka, bomba linageuka mlango wao, kwa hiyo ukague kila mwaka kabla ya masika.

Wanaotuita mwezi huu, tunaomba magunia manne ya maranda au majani makavu yawe tayari, sehemu ya lundo iwe imechaguliwa mbali na jiko na kisima, na zizi lisimwagiwe maji siku mbili kabla hatujafika. Tarehe ya safari ya pili tunaiandika siku ileile ya kwanza.